Mashine ya kuoshea magari imegoma? Usikimbilie kununua kabureta, fuata mpangilio huu

Wajasiriamali wenzangu wa Kabasa, Bunda, Butiama na Musoma, leo zamu ni ya wenye vijiwe vya kuosha pikipiki na magari, hasa mnaotumia mashine ya presha yenye injini ya petroli.

Ukifuata barabara kubwa ya Mwanza kwenda Sirari, toka Bunda, upite Kiabakari mpaka Makutano, kazi ya kuosha ipo. Kuna boda, Noah, Probox, Fuso za mizigo na gari za watalii zinazotoka Serengeti zikiwa zimejaa vumbi. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa mbugani unaganda chini ya gari kama saruji, na kwa ndoo na brashi peke yake hutoboi. Mashine ya petroli inapendwa kwa sababu haisubiri umeme. Unaipeleka popote penye maji, unavuta kamba, kazi inaanza.

Shida inakuja siku ikigoma. Hesabu ni rahisi: tuseme unaosha pikipiki 12 kwa siku kwa sh 2,000. Hiyo ni sh 24,000. Mashine ikilala kwa fundi siku tano, sh 120,000 haijaingia, na bado hujamlipa fundi. Na wengi wetu mashine hatukununua kwa hela ya mfukoni. Kuna aliyepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuna aliyekopa kikoba. Kuna aliyejitosa kausha damu. Rejesho halijui kwamba mashine imezima.

Dukani kwenye spea mteja anafika na jibu tayari: "Nipe kabureta." Ukimuuliza mashine inafanyaje, anasema haiwaki tu. Ananunua kabureta, anafunga, bado haiwaki. Anarudi kuchukua plagi. Kesho yake koili. Mwisho wa siku kumbe oili ilikuwa imepungua. Hela imekwenda kwa kubahatisha.

Kwa hiyo shika mambo mawili. La kwanza, hesabu saa za kazi za mashine, siyo miezi. La pili, ikigoma, uliza maswali kwa mpangilio mmoja kila siku, usiruke hata moja.

1. HESABU SAA, SIYO MIEZI

Injini nyingi za mashine hizi ni Honda GX160 ya sisi 163, au za Kichina zilizotengenezwa kwa mfano wake. Kitabu cha Honda kinasema hivi: oili ya kwanza mwaga baada ya saa 20 au mwezi wa kwanza. Baada ya hapo badilisha kila saa 100 au kila miezi sita, kinachotangulia.

Hapo kwenye "kinachotangulia" ndipo watu wanaumia. Wengi wanakumbuka miezi sita tu. Hiyo ni ya mtu anayeosha uwanja wake Jumamosi moja moja. Wewe wa kijiweni injini inanguruma saa 4 kwa siku. Saa 20 za kwanza zinaisha ndani ya siku tano tu za kazi! Saa 100 zinaisha ndani ya siku 25. Yaani oili yako ni ya mwezi mmoja. Ukisubiri miezi sita unakuwa umeitumia oili ile ile zaidi ya saa 600, halafu unasema mashine za siku hizi ni mbovu.

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe na saa ambazo injini imewaka. Usiandike saa ulizokaa kijiweni, andika za injini kuwaka. Zikifika 50, safisha eya klina. Zikifika 100, mwaga oili, angalia plagi, safisha kikombe kidogo cha uchafu pale kwenye koki ya mafuta. Kwa vumbi letu la kiangazi eya klina usiisubirie 50, ifungue kila wiki.

Oili weka SAE 30 au 10W-30 ya injini ya petroli. GX160 inachukua kama lita 0.6 tu. Ile kubwa ya GX390 ni kama lita 1.1. Imwage injini ikiwa ya moto kidogo, inatoka yote na uchafu wake. Oili chafu kusanya kwenye dumu, usiimwage mtaroni wala ziwani.

Na pampu nazo zina oili yake, tofauti na ya injini. Kama pampu yako ina kioo cha kuonea oili au kifuniko cha kujazia, basi inahitaji kubadilishwa. Nyingi za kazi nzito ya kwanza ni baada ya saa 50, halafu kila saa 500. Angalia kitabu cha pampu yako.

2. SWALI LA KWANZA: NI INJINI AU NI PAMPU?

Mashine hii ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Injini inazungusha, pampu inasukuma maji. Kabla hujashika spana, jua mgonjwa ni nani.

Injini haiwaki, au inawaka na kuzima, au inapanda na kushuka mlio: mgonjwa ni injini. Nenda namba 3.

Injini inanguruma vizuri lakini maji yanatoka dhaifu au kwa kurukaruka: mgonjwa ni pampu, nozeli au maji yenyewe. Nenda namba 4. Hapa kabureta haihusiki kabisa.

Kuna mtego mmoja. Kamba ikiwa ngumu kuvuta, watu wanasema injini imekamata. Mara nyingi ni presha iliyobaki kwenye pampu toka ulipozima. Fungulia maji, bonyeza bunduki mpaka maji yatoke bila nguvu, endelea kubonyeza huku unavuta kamba. Ikiwa laini, injini ni nzima. Ikibaki ngumu, chomoa plagi uvute tena. Bado ngumu? Hapo ndiyo umpigie fundi.

3. INJINI: OILI, MAFUTA, HEWA, MOTO

Kariri kwa mpangilio huo huo. Nimeanza na oili kwa sababu kuiangalia ni bure na ni dakika moja.

OILI. Injini nyingi za aina hii zina sensa inayozuia injini kuwaka, au kuizima, oili ikipungua. Hapo utavuta kamba mpaka bega liume. Weka mashine sehemu tambarare, chomoa kijiti, kifute, kirudishe bila kukikaza, kichomoe usome. Oili inatakiwa ifike juu karibu na mdomo wa tundu.

Neno "tambarare" lisikupite. Vijiwe vyetu vinatengenezwa na mteremko ili maji yatiririke. Ukiiweka mashine kwenye mteremko huo, oili inakimbilia upande mmoja. Sensa inaona oili haipo wakati ipo, au kijiti kinakudanganya imejaa wakati imepungua. Tengeneza kibanda kidogo cha zege au mbao kilicholala sawa, mashine ikae hapo.

MAFUTA. Koki imefunguliwa? Swichi ipo ON? Choki umeifunga injini ikiwa ya baridi? Usicheke, mashine zinapakiwa bodaboda kupelekwa kwa fundi na koki imefungwa.

Halafu chini ya kikombe cha kabureta kuna bolti ndogo. Ilegeze kwa spana namba 10, kinga kwa chupa ya kioo safi, mbali na moto na sigara. Acha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yapo utayaona yamekaa chini, na petroli juu. Sehemu ya kuosha maji yanaruka kila mahali, na petroli ya kupimiwa kwenye chupa za plastiki haujui imepita wapi. Ukikuta maji, mwaga yote mpaka ya kwenye tenki, weka petroli mpya toka kituoni.

Petroli isipotoka kabisa, njia imeziba: tenki, chujio au koki.

Sasa sikiliza injini. Ikiwaka na choki tu, ukiifungua inazima, au mlio unapanda na kushuka wenyewe, mara nyingi tundu dogo la kabureta linaloitwa jeti limeziba nusu. Hiyo inasafishwa, hainunuliwi mpya. Fungua kikombe, toa jeti, pitisha uzi mmoja laini wa waya wa shaba, puliza. Usitumie sindano wala msumari, ukilipanua lile tundu injini itakula mafuta siku zote. Petroli iliyolala zaidi ya mwezi inaacha utando unaoziba hapo hapo, kwa hiyo mashine ikipumzika muda mrefu ikaushe mafuta.

Ikiwaka dakika chache kisha inazima, ukipumzika inawaka tena, legeza kifuniko cha tenki kidogo. Ikiendelea vizuri, basi tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba. Tiba yake ni kulisafisha.

HEWA. Moshi mweusi na mafuta kuisha haraka, fungua eya klina. Ile sifongo ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ichovye kwenye oili safi, ikamue. Ile ya karatasi usiioshe kwa maji wala petroli. Igongegonge taratibu vumbi litoke, au puliza kwa upepo mdogo toka ndani kwenda nje. Ikigoma kutakata, nunua nyingine. Kutembeza injini bila eya klina "ili ipumue vizuri" ni kuilisha mchanga. Ringi na silinda zinalika, na hapo gharama inakuwa ya mashine mpya.

MOTO. Chomoa plagi, itazame. Ikiwa kavu wakati umevuta kamba sana, mafuta hayafiki, rudi juu. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi: ama umeizidishia choki, ama plagi haina moto. Ikiwa na masizi meusi makavu, hewa ni kidogo. Nafasi ya mdomo wa plagi ni milimita 0.7 mpaka 0.8, na namba ya plagi ya GX160 ni BPR6ES.

Wengi wanapima kwa kuigusisha plagi kwenye injini na kuvuta kamba waone cheche. Kumbuka mvuke wa petroli unatoka kwenye tundu lile lile la plagi. Njia salama ni kuwa na plagi mpya ya akiba. Ifunge. Ikiwaka, umepata jibu. Isipowaka, plagi ni nzima, sasa ndiyo uwaze waya, swichi na koili.

Ukimaliza yote manne na haiwaki, vuta kamba taratibu huku umebonyeza bunduki. Kama kamba inakuja laini bila kukataa hata kidogo, injini imepoteza mgandamizo. Hiyo ni kazi ya fundi: valvu, gasketi au ringi. Vivyo hivyo ukisikia inagonga, au inatoa moshi wa bluu kila siku wakati oili haijazidi.

4. INJINI IKO SAWA, MAJI HAYANA NGUVU

Anza na maji, siyo na pampu. Kwenye kibao cha mashine pameandikwa inahitaji lita ngapi kwa dakika. Chukua ndoo ya lita 20, fungua mpira wako, washa saa ya simu. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 10 kwa dakika. Kama kibao kinasema 12, pampu ina kiu. Itakunywa hewa, maji yatarukaruka, na sili zitakufa mapema. Dawa ni mpira mnene zaidi, au simtanki iliyoinuliwa juu ya mashine ili maji yashuke yenyewe. Pampu nyingi za aina hii zimetengenezwa kusukuma maji, siyo kuyanyonya kisimani.

Pili, chujio la pale maji yanapoingilia. Lifungue kila asubuhi. Maji ya ziwa, mto au lambo yana mchanga na majani, na mchanga ndiyo adui namba moja wa valvu na sili. Yachote, yaache yatulie kwenye pipa, ndiyo uyatumie. Na kijiwe usikiweke ukingoni mwa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 toka ziwani na mtoni kwa shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira. Usijenge halafu ukabomolewa.

Tatu, hewa ndani ya mpira. Kabla ya kuwasha, fungulia maji, bonyeza bunduki mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa. Ndiyo uvute kamba.

Nne, nozeli. Ikiziba, maji yanarukaruka, izibue kwa waya mwembamba. Ikilika, presha inashuka polepole mpaka unazoea. Jaribu nozeli mpya kabla ya kulaumu pampu. Zile za rangi maana yake ni hii: nyekundu nyuzi 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu usiiguse kwenye rangi ya gari ya mtu, itakugharimu.

Sabuni ikigoma kuvutwa, angalia kwanza kama umeweka nozeli nyeusi. Sabuni haivutwi kwenye presha kubwa. Jioni pitisha maji safi kwenye njia ya sabuni.

Tano, tabia ya kuachia bunduki huku injini inawaka. Mteja anapiga stori, wewe unamsikiliza, mashine inanguruma. Maji yanazunguka ndani ya pampu yale yale, yanachemka, sili zinaiva. Ikizidi dakika mbili tatu, zima.

Ukiona maji yanadondoka chini ya pampu, sili zimechoka. Oili ya pampu ikiwa kama maziwa, maji yameshaingia ndani. Simamisha kazi, ibadilishwe sili na oili. Na usikaze ile springi ya kurekebisha presha, wala kuvuta springi ya gavana injini ikimbie zaidi. Injini hizi mwisho wake ni kama mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukizidisha, unapata nguvu ya wiki moja na injini ya kutupa.

5. HAPA HAKUNA MCHEZO

Usiiwashe ndani ya chumba au kontena hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akiwa anasinzia tu.

Usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Zima, subiri ipoe, wateja wenye sigara wakae mbali.

Usimwelekezee mtu maji, hata kwa utani, wala usijipime kwenye mkono. Maji ya presha yanapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano lakini ndani pameharibika. Hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

6. NAKILI HII, BANDIKA KIJIWENI

Kila asubuhi: oili kwenye tambarare, chujio la maji, mpira hauna hewa.
Kila jioni: maji safi njia ya sabuni, zima, toa presha, funga koki, andika saa.
Kila wiki: fungua eya klina.
Saa 20 za mwanzo: oili ya kwanza.
Kila saa 50: safisha eya klina kabisa.
Kila saa 100: oili, plagi, kikombe cha uchafu cha koki.
Kwenye boksi siku zote: plagi ya akiba, spana ya plagi, spana namba 10, nozeli ya akiba, uzi wa waya wa shaba.

Na siku ikibidi kwenda kwa fundi, usiende kusema "haiwaki tu." Sema hivi: "Oili ipo, mafuta yanafika mpaka kwenye kabureta na hayana maji, eya klina safi, plagi mpya. Bado haiwaki." Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu ya kazi. Na asiye mzuri atajua huyu siyo wa kuuziwa kabureta. Spea yoyote akibadilisha, omba ile ya zamani uiangalie.

Kama una mwenzako anayeosha boda au magari, mtumie hii leo kabla mashine yake haijazima. Na wewe uliyenunua mashine miezi miwili iliyopita na hujawahi kumwaga oili, usiiwashe kesho asubuhi kabla hujaimwaga.

Kazi njema.